Matuta ya Kufidia

Kila siku ilikuwa vile vile. Mwamvita alitoka shuleni, akachota maji bombani, akawasha jiko la mkaa, na kabla hajapumua, Zamda, mama yake, alishasema, "Haya, mpeleke baba yako akatembee."

Baba yake, Shomari, alikuwa fundi cherehani mjini Tabora. Alishinda ameketi, na alikuwa na kisukari. Muuguzi Veneranda alimpa vidonge na kumwagiza atembee haraka haraka kila jioni, hadi stesheni na kurudi.

Lakini wote wawili walikuwa hoi. Wakifika relini, waliketi juu ya mataruma ya zamani, yale magogo ya kulazia reli, mpaka magharibi ikakaribia.

"Mmetembea?" Zamda aliuliza.

"Tumetembea," walijibu.

Hata muuguzi walimjibu hivyo. Naye, kwa kuona sukari haishuki, akamwongezea Shomari vidonge.

Jumamosi moja wote watatu walikwenda kijiji cha Ntalikwa kulima shamba la ujamaa. Aliyekosa siku ya kazi huko alifidia kwa kulima matuta zaidi. Shomari alimnong'oneza binti yake, "Leo nafidia matembezi yote. Keshokutwa ni kliniki."

Masikini, alidhani mwili nao una karani wa kuhesabu matuta! Alikuwa amemeza vidonge, uji akauacha ili awahi. Alishika jembe akawapita hata vijana.

Asubuhi ilikuwa bado na ubaridi, lakini jasho lilimtiririka. Mikono ikatetemeka. Mwamvita alipomwita, alijibu maneno yasiyoeleweka, kisha akaketi kitako udongoni.

"Mama Muuguzi!" Mwamvita alilia kwa hofu. "Baba anakufa!"

Veneranda, aliyekuwa akilima karibu, alitupa jembe. Alichukua kibuyu cha mzee Lugembe, mrina asali wa pale, akamlambisha Shomari asali taratibu.

"Asali tena, na sukari anayo?" Zamda alishangaa.

"Sasa hivi imemwishia."

Baada ya muda macho ya Shomari yalitulia.

"Sielewi," muuguzi alisema. "Fundi, si unatembea kila siku?"

Shomari aliinamisha kichwa. Mwamvita alimtazama baba yake, akaona aibu, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi.

"Hatutembei," alisema. "Tunakaa relini. Tunachoka."

Veneranda alishusha pumzi. Naye alikuwa amechoka.

"Nilikuongezea vidonge nikiamini unatembea. Leo umevimeza bila kula, ukalima kama trekta. Sukari ikaporomoka. Fundi, mwili haufidiwi kwa siku moja. Kula, kisha tembea kila siku, mwendo wa kukutoa jasho kidogo, huku bado ukiweza kuzungumza na mwanao. Na mkishindwa, niambieni mmeshindwa. Mkinidanganya, namtibu mtu ambaye hayupo."

Siku chache baadaye, Shomari alipopata nafuu, alisimama mlangoni jioni.

"Nimechoka, Baba," alisema Mwamvita.

"Hata mimi. Twende hivyo hivyo."

Waliyapita yale mataruma bila kuketi, wakizungumza. Waliporudi, Zamda aliitazama miguu yao iliyojaa vumbi, akawawekea maji ya kunawa. Hakuuliza kitu.