Kiti cha Bibi Apolonia

Kila alipotoka shuleni, Scola alibadili sare, akala, kisha akaenda kwenye karakana ya baba yake, fundi Masalu, mjini Bariadi. Alikuwa darasa la saba na randa aliijua vizuri. Kilichomponza ni haraka.

Mwezi ule baba alimpa kazi nzima kwa mara ya kwanza: kiti cha jirani yao, Bibi Apolonia, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga.

"Tumia mbao za ndani," baba alimwambia. "Hizi za nje bado mbichi."

Lakini mbao mbichi ni laini kwa patasi. Baba alipotoka, Scola alichukua za nje, akachonga vipande vinne vya kuunganisha miguu.

Mbao ikikauka husinyaa. Baada ya wiki mbili za jua kali, vipande vile vililegea kwenye matundu yake. Scola akachanganya vumbi la mbao na gundi, akaziba nafasi, akapiga msasa na vanishi. Kiti kiling'aa, na baba akakisifu.

Jumamosi mchana Bibi Apolonia alifika na mkongojo wake.

"Mwadila, bibi," Scola alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mjukuu wangu. Kiko wapi? Nimechoka kukalia ndoo kama kuku anayeatamia!"

Baba alicheka. Scola hakuweza. Bibi alikipa kiti mgongo, akaanza kujishusha taratibu.

"Bibi, usikae!"

"Kwani kimeshauzwa?"

"Hapana, bibi. Kitavunjika." Machozi yakamlengalenga. Akaeleza yote.

Baba alikitikisa kiti. Gundi ikapasuka, kipande kimoja kikachomoka.

"Nyonga yangu hii!" Bibi alisema kwa sauti ndogo.

Siku ile Scola alichonga vipande vipya kwa mbao kavu mpaka viganja vikatoka malengelenge. Jumatatu, gundi ilipokuwa imekauka, walikipeleka kiti nyumbani kwa Bibi. Baba, kwa mwili wake wote mkubwa, alikikalia kwanza, akajitingisha. Kiti kimya. Ndipo Bibi akakaa.

"Sasa anayetaka niinuke aje aninyanyue," alisema.

Njiani baba alimshika Scola bega. "Kuchukua mbao mbichi ni kosa, hata mimi nililifanya nikijifunza. Kulificha ndiko kungemuumiza bibi. Ukikosea, mwanangu, niambie mapema, tutarekebisha pamoja. Jumamosi ulisema kwa kuchelewa, lakini ulisema. Kesho tunaanza kiti kingine."