Gari la Jean

Rafiki yangu Bonifasi, fundi umeme wa magari pale Mwanga, huwacheka waoga bila aibu. Alasiri moja ya mvua aliitwa mtaani Buzebazeba na Ritha, anayetunza gari la kaka yake, Jean. Jean alivuka ziwa kwenda Kalemie mwaka jana, hajarudi, na gari halijatembea tangu hapo.

"Linajifunga milango lenyewe, taa zinawaka zenyewe," Ritha alimwambia. "Nitahamia Simbo, kaka. Nimechoka."

Bonifasi akasonya. "Betri imekwisha nguvu, dada. Gari likikaa sana, umeme unapungua, kila kitu kinachanganyikiwa. Ninyi mnaona majini tu!"

Akaingia peke yake kwenye banda la mabati lisilo na dirisha, lilimokuwa gari. Gizani, loki za milango zilikuwa zikigonga: ta, ta, ta. Akafungua boneti, akaitoa betri na kuiweka chini. Loki zikanyamaza.

"Njoo uone jini lako!" akapaza sauti kwa dharau.

Ndipo aliposikia springi zikilia ndani ya gari. Akamulika kwa simu, na cheko likamkatika. Kiti cha dereva, kisicho na mtu, kilikuwa kimebonyea, nacho kikaumuka polepole, kama mtu mzito anapoinuka. Mlango haukufunguka.