Kiota Namba Nne

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kidoti alipitia ufukweni kukagua kiota namba nne. Kilikuwa duara la vijiti vilivyozungushiwa kamba. Chini ya mchanga, ndani ya duara hilo, kasa mmoja alikuwa amefukia mayai zaidi ya mia. Kidoti aliangalia kama vijiti vimesimama, kama mbwa hawajafukua, kama hakuna takataka iliyotupwa juu yake. Kisha alipita barazani kwa Bibi Posta na kuandika katika kitabu kikubwa tarehe, hali ya kiota na jina lake.

Bibi Posta alifanya kazi posta kwa miaka thelathini, na ingawa alistaafu zamani, jina lilimganda kama stempu. Sasa alisimamia viota vyote vya ufuko ule kwa utaratibu uleule wa posta. Msimu huo magoti yalimsumbua na hakuweza kutembea mchangani, kwa hiyo aliwategemea wanafunzi wa darasa la sita, kila mmoja na kiota chake.

Jumamosi ingekuwa Siku ya Kasa shuleni, na Kidoti ndiye aliyechaguliwa kutoa hotuba. Mama yake, fundi cherehani, alimshonea gamba la kuvaa mgongoni kwa vipande vya kitambaa cha kijani na kahawia. Kidoti alifanya mazoezi asubuhi na jioni, mpaka mama yake akamwambia kwamba hata cherehani sasa ilikuwa imekariri hotuba.

Jumatano asubuhi alisimama mbele ya kioo na gamba lake mgongoni, na muda ukamponyoka. Akakimbia moja kwa moja hadi barazani, akaandika "Salama" bila kufika ufukweni. Alijiambia kwamba kiota kilikuwa salama jana yake, sasa kingebadilika nini kwa siku moja? Alhamisi akafanya vilevile. Safari hii mkono haukusita.

Ijumaa alikwenda ufukweni. Mahali pa kiota palikuwa na lundo la mchanga wa kujengea lililochanganyika na kokoto, refu kuliko yeye. Vijiti viwili vilichomoza pembeni, vimevunjika. Hatua chache kutoka hapo mwashi mmoja alikuwa akipanga matofali ya ukuta mpya.

Kidoti hakumwuliza kitu. Aliwaza gamba lake, hotuba yake, na uso wa mama yake akiwa amekaa mstari wa mbele. Akaenda barazani, akaandika "Salama" mara ya tatu.

Asubuhi hiyo Bibi Posta alikuja shuleni na mkongojo wake kuzungumza na wanafunzi kwenye paredi. Aliwaeleza kwamba kasa huishi miaka mingi, lakini katika watoto wengi wanaoanguliwa ni wachache mno wanaofika utu uzima. Wengine huliwa na kaa na ndege, wengine hupotezwa na taa za majumba wakidhani ni mwanga wa bahari, na wakubwa hufa kwa kumeza mifuko ya plastiki. Kisha akafungua kitabu.

"Kiota namba nne kina siku hamsini na nane," alisema. "Watoto wanaweza kutoka wakati wowote. Na mlinzi wake hajakosa hata siku moja."

Wanafunzi wakapiga makofi. Redio, mwenzake wa dawati, msichana aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haupumziki, akampiga bega kwa furaha. Kidoti aliona afadhali wangemzomea.

Wanafunzi walipotawanyika alimfuata Bibi Posta kwenye ukumbi mwembamba nje ya ofisi, akamweleza yote huku akitazama viatu vyake. Bibi Posta hakumfokea. Aliuliza jambo moja tu.

"Huo mchanga ulimwagwa lini?"

"Sijui, Bibi. Mara ya mwisho nilikwenda Jumanne."

Bibi Posta alifunga kitabu. Alimweleza mwalimu wa sayansi kwamba kwa kawaida kiota hakichimbwi, kwa sababu watoto wa kasa hutoka wenyewe kwa wakati wao. Lakini kama wameshaanguliwa na kubanwa chini ya mzigo pengine kwa siku tatu, hawatakuwa na nguvu za kusubiri. Dakika chache baadaye darasa zima lilikuwa njiani kuelekea ufukweni, na Bibi Posta alisukumwa kwenye toroli la bustani la shule, kitabu mapajani.

Mwashi alishika kichwa alipoambiwa. Alisema lori lilimwaga mchanga Jumatano alfajiri kabla hajafika, na yeye hakujua kilichokuwa chini yake. Alichukua koleo lake akawa wa kwanza kuanza kuondoa lundo. Walipokaribia usawa wa ufuko, Bibi Posta alisimamisha makoleo yote. Alivaa glavu, akapiga magoti yake mabovu, na kuendelea kwa vidole, polepole, kama anayefungua bahasha ya mtu mwingine.

Watoto wa kasa walikuwa wamesongamana, weusi, wadogo kama kiganja cha mtoto. Tisini na mmoja walikuwa hai. Kumi na wanane walikuwa wamekufa. Kidoti aliwatazama wale kumi na wanane na kulia bila sauti.

Walio hai waliwekwa kivulini kwenye ndoo yenye mchanga wenye unyevu. Jioni jua lilipopoa waliachiwa ufukweni, watembee wenyewe hadi majini. Wanafunzi walisimama pande mbili kuwafukuza ndege, na hakuna aliyeruhusiwa kuwagusa.

Siku ya Kasa hotuba ilitolewa na Redio, na gamba lilimpendeza. Kidoti alikaa karibu na mama yake, ambaye alikuwa amemshika mkono tangu mwanzo. Sherehe ilipokwisha, Bibi Posta alikuja akaketi nao.

"Mjukuu wangu, hata mimi nilipokuwa kazini kuna siku nilichelewa," alisema. "Kutokwenda lilikuwa kosa dogo. Ungeacha nafasi wazi kitabuni, ningeshtuka na kumtuma mtu Jumatano ileile. Neno lako la uongo ndilo lililotuzuia sote kwenda. Na neno lako la kweli, ingawa lilichelewa, ndilo lililowatoa wale tisini na mmoja. Anayelinda kiumbe asiyeweza kusema, lazima yeye mwenyewe aseme kweli."

Kidoti alifuta macho. Kisha Bibi Posta akamwambia kwamba usiku uliopita kasa mwingine alikuwa ametaga, karibu na miamba ya mwisho wa ufuko, na kiota hicho hakikuwa na mlinzi bado.

"Nitakilinda, Bibi," alisema Kidoti. "Na siku nikishindwa kwenda, nitakuja kukwambia kwamba sikwenda."