Usiizime Kwanza

"Fundi, haiwaki!"

"Tulia, dada. Haiwaki kabisa, au kioo ndiyo cheusi?"

"Taa inawaka, feni inazunguka, ila kioo cheusi tii! Nimeizima na kuiwasha mpaka nimechoka."

Mshonaji alikuwa amepiga magoti sebuleni kwa wakwe zake watarajiwa, simu kaibana kati ya sikio na bega, jasho likimtiririka. Kazi yake ilikuwa kushona nguo, bisibisi kaizoea kwenye cherehani tu. Leo alikuwa ameifungua kwa siri laptop ya gemu ya mchumba wake, akatoa memori za zamani na kuchomeka mpya, kubwa zaidi. Alitaka kumfurahisha. Jioni hiyo Kapteni, kama wenzake wa timu walivyomwita, alikuwa na fainali ya mtandaoni, na mechi iliyopita gemu lilimgandia katikati, nusura watolewe.

Nia ilikuwa njema. Tatizo lilikuwa maneno aliyoyatoa juzi, mbele ya ndugu: "Chagua, mimi au hiyo laptop! Siku moja nitaivunja!"

"Nisikilize," fundi wa kompyuta alisema. "Ukiweka memori mpya, mashine inazitambua kwanza. Inachukua muda, na kioo kinakuwa cheusi. Wewe kila ukiizima, inaanza upya. Iwashe, halafu usiiguse."

"Na isipowaka?"

"Itawaka, kama zilikaa sawasawa. Ulizisikia zikilia 'tik'?"

"Nadhani."

"Unadhani, au ulisikia?"

Hatua zikasikika nje, akakata simu. Mlango ulifunguliwa, akaingia dada yake Kapteni.

"Heee! Wifi! Kumbe juzi hukuwa unatania?"

"Wifi, subiri, naiongezea memori..."

"Unaiongezea kwa kuichana tumbo?"

Simu ya wifi ikalia kacha! Picha ikatumwa kwa Kapteni. Haukupita muda, ujumbe wake ukaingia kwenye simu ya mshonaji.

*Nimeona picha. Nilidhani ni hasira tu.*

Akajibu: *Sivyo unavyodhani. Njoo nikueleze.*

*Nakuja. Hata suala la harusi tutalizungumza.*

Akakifunga kifuniko cha chini, akaigeuza laptop, akaiwasha. Feni ikaanza kuvuma. Kioo, giza.

Kapteni aliingia akihema, shati limejaa vinywele vya wateja wake wa saluni. Hakusalimia mtu.

"Umeifanya nini?"

"Nimeiwekea memori mpya. Za zamani hizi hapa, nimezifunga kwenye kitambaa."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilikuona ulivyonyong'onyea siku ile ilipoganda."

"Na mimi nilikusikia uliposema utaivunja!"

"Nilisema kwa hasira! Nilikuwa nakuongelesha, wewe hata kichwa hukugeuza."

"Kaka, usidanganywe," wifi akadakia. "Nimemkuta na bisibisi mkononi."

Kapteni akainama, kidole kikaenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kuzimia.

"Usiizime!" Mshonaji akamshika mkono. "Nakuomba. Fundi kasema inazitambua memori. Ukiizima inaanza upya."

"Na kama imeungua?"

"Basi imeungua mikononi mwangu, na utanifanya utakavyo. Lakini usiseme nilikusudia."

Kidole kilibaki pale pale juu ya kitufe. Simu yake ikaita, ni wenzake wa timu. Hakupokea.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa. Siku hizi nikigusa chochote chako unaruka. Tunaoana hivi karibuni, na mimi humu ndani natembea kwa kunyata kama mwizi."

Kapteni akamtazama. Macho ya binti wa watu yalikuwa mekundu, kucha zimevunjika kwa kukifungua kile kifuniko. Taratibu, akakiondoa kidole.

"Haya. Tusubiri."

Akaketi sakafuni kando yake. Feni ikavuma. Kioo, giza. Wifi akasimama mlangoni.

"Isipowaka?" mshonaji akanong'ona.

"Isipowaka, fainali imenipita. Wewe hujanipita. Ujumbe wangu ule... nisamehe. Nilitakiwa nikuulize kabla ya kuamini picha."

"Ulinitisha."

"Hata mimi nilitishika. Nilidhani umenichoka."

Mshonaji alipofungua mdomo kumjibu, mwanga wa buluu ukawapiga usoni. Mshonaji akapiga yowe la furaha, akajiziba mdomo, machozi yakamwagika. Kapteni akasogea, akasoma maandishi kwenye kioo.

"Imezisoma zote," alisema.

"Wifi, niwie radhi," sauti ikatoka mlangoni. "Niliharakisha."

"Ulinimaliza, wifi. Kidogo tu ningerudishwa kwetu."

Simu ikaita tena. Safari hii Kapteni akapokea.

"Kapteni, uko wapi? Tunaanza sasa hivi!"

"Anzeni kujipanga. Mashine ni nzima, nakuja."

"Sasa unangoja nini?"

Akaushika mkono wenye kucha zilizovunjika.

"Namsikiliza mke wangu. Kuna jambo alikuwa hajalimaliza."

Akakata simu, akaigeuzia laptop mgongo.