Mpishi Mkuu Ndani ya Aproni ya Marehemu Mke Wangu

Jamani, nilifungua mlango wa jikoni kwangu... nikaganda!

Mpishi mkuu wa hoteli yetu, yule tunayemwita Kofia, amesimama mbele ya jiko langu, kavaa aproni ya marehemu mke wangu!

Ile ya buluu. Yenye kiraka mfukoni.

Na anayemrekodi kwa simu ni binti yangu wa kumzaa mwenyewe!

"Karibu, mzee," Kofia akaniambia.

Kwangu! Ananikaribisha kwangu!

Tulieni kwanza niwaeleze huyu mtu ni nani.

Mimi ni dobi wa hoteli. Miaka kumi na tisa nafua mashuka ya watu nisiowajua. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo herufi zikikosewa nisameheni. Matusi hayajakosewa.

Mke wangu alikuwa mpishi hotelini hapohapo. Wote walimwita Mama Mwiko. Fundi mitambo mmoja Mjapani alikaa pale miezi minane, akamfundisha chakula cha kwao cha haraka: tambi nene ndani ya mchuzi wa kari. Dakika ishirini, kiko mezani. Mke wangu akakishika, akakiongezea lake, wageni wakawa wanalamba bakuli.

Mwezi uliofuata menyu ikatoka: "Tambi za Kari za Mpishi Mkuu."

Mpishi mkuu! Mtu ambaye kazi yake ni kuvaa kofia ndefu na kuonja!

Mwaka jana mke wangu alipougua, huyohuyo Kofia akamwambia avumilie kidogo, kuna harusi Jumamosi. Akavumilia... Tulipomzika, uongozi ukaleta shada la maua lenye jina la hoteli kubwa kuliko jina lake. Jumatatu wakatuma mtu kudai aproni!

Nikakataa. Ndiyo hiyo sasa iko kwenye kitambi cha Kofia, kamba hazifiki nyuma.

"Nani kamfungulia?"

"Mimi, baba," binti akajibu bila kunitazama.

Binti yuko kwenye majaribio jikoni kwa Kofia. Mwisho wa mwezi ndiyo wataamua abaki au aondoke. Nikaelewa palepale. Mtoto kauza chakula cha mama yake apate ajira!

"Wageni wanalalamika, mzee," Kofia akasema. "Tangu mkeo atutoke, ladha si ile. Jumatano mwenye hoteli anakuja kuonja. Nikasema nijaribu kwenye sufuria yake mwenyewe, labda..."

"Labda sufuria itakuhurumia."

Nikavuta kiti. Nikakaa na kikombe changu cha kahawa, niangalie.

Jamani! Huyo ndiye mkuu!

Kitunguu kakiacha cheupe kama kilivyotoka sokoni. Nyama kaikata mapande ya kujengea ukuta. Akamwaga maji, yakachemka. Halafu akachukua vile vipande vya kari, vya kahawia, vinavyofanana na chokoleti, akavitumbukiza vizima kwenye maji yanayotokota!

Vikagoma kuyeyuka. Madonge matupu. Juu yake akatia tambi mbichi, zikaachia unga, mchuzi ukawa uji.

"Mzee, mbona unacheka?"

"Sicheki. Nakohoa."

"Hii ndiyo kari ya Kijapani."

"Hii ni gundi ya kubandikia matangazo."

Akaonja. Akakunja uso. Akaongeza chumvi.

Chumvi!!! Kwa mwiko wa mke wangu!

"Ondoka hapo!"

Nikamsukuma kwa bega. Nikamwaga lile balaa lake, nikaanza upya.

"Kitunguu mpaka kiwe rangi ya udongo, wewe! Nyama iwe nyembamba, ikiona moto tu imeiva. Maji. Mchuzi wa soya vijiko viwili, chumvi ya nini? Sasa zima moto. ZIMA! Ndiyo unaikata kari kama unachonga sabuni, unatia kidogokidogo, unakoroga, ikishayeyuka ndiyo unawasha moto mdogo. Tambi zichemshe pembeni, uzichuje, zisubiri kwenye bakuli. Kofia yote hiyo kichwani na hujui kuzima jiko?"

Binti anarekodi tu.

Kofia akaonja. "Bado. Ya mkeo ilikuwa na kitu kingine."

Hasira bwana... Nikajisahau. Nikachukua kikombe changu, kahawa chungu iliyobaki chini, nikaimwaga sufuriani!

Akaonja tena. Macho yakamtoka.

"Kahawa... Mwaka mzima naitafuta hii!"

Nikakiweka kikombe mezani.

Ile ilikuwa siri ya mke wangu. Kila mchana nilipita dirisha la jikoni, namwachia kikombe chenye mafunda mawili ya mwisho. Watu wakasema ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi, na ulikuwa mchuzi. Hata binti yake hakumwambia.

Na mimi nimemkabidhi Kofia, bure, kwa mkono wangu!

"Kwa hiyo chef, kumbe kilikuwa chakula cha mama?" binti akamuuliza, simu bado iko juu.

Kofia akacheka. "Jina kwenye menyu ni langu, mkono ulikuwa wa mama yako. Jikoni nani asiyejua? Hiyo video nitumie, nisije nikasahau hatua."

Akavua aproni, akaitupa kitini, akaondoka bila kuaga.

Nikamgeukia binti.

"Umemuuza mama yako!"

"Baba, kaa."

"Sikai!"

"Video nimeshaituma."

"Kwa mwizi yule?"

"Kwake. Na kwenye grupu la wafanyakazi wote. Mwenye hoteli yumo."

Nikakaa.

"Mimi ndiye niliyemwita," akasema. "Nilimwambia siri unayo wewe, na ukiombwa hutoi. Ila aje avae aproni ya mama, apike vibaya mbele yako."

"Sasa ulijuaje nitaropoka?"

"Baba... lini umewahi kuona mkubwa anakosea ukanyamaza?"

Nikaichukua aproni, nikaikunja.

Jumatano mwenye hoteli alionja. Aliyepika ni binti. Jana menyu mpya imetoka: "Tambi za Kari za Mama Mwiko." Na binti kapewa kazi, ya kudumu.

Kofia je? Mlidhani kafukuzwa? Hahaha! Kawa "mshauri wa mapishi", kapewa na ofisi yenye feni. Wakubwa hawaanguki jamani, wanasogezewa kiti tu.

Funzo? Ukitengeneza kitu kwa mkono wako, kiandike jina lako siku hiyohiyo, maana mwenye cheo anatembea na kalamu mfukoni. Na dharau zenu ziwekeni kwa wanaostahili. Mimi nilimdharau mwanangu jioni nzima, nusura nimchape mwiko, kumbe peke yake ndiye aliyekuwa anajua anachofanya.

Siri sasa mnayo wote. Pikeni. Mkiulizwa ni chakula cha nani, mnajua cha kujibu.

Aproni nimeifua mara tatu kutoa jasho la Kofia. Imekauka. Sasa hivi binti kaivaa, kitunguu kinakaribia rangi ya udongo, na mimi kahawa yangu nimeinywa yote...

Yote, isipokuwa mafunda mawili.