Mlango wa Jikoni wa Empire Circuit

"Na huyu ni nani?" Balozi aliuliza, mkono wake ukiwa bado ndani ya mkono wa Rupert.

Ilikuwa saa nane mchana, ubalozini kwake, sikukuu ya taifa lao, na foleni ya kusalimiana ilianzia mlangoni hadi barabarani. Nyuma yetu alisimama bwana mmoja mwenye fimbo, na mkewe amevaa kofia pana ya rangi ya ndimu. Mimi nilivaa gauni la bluu nililolishona mwenyewe, vifungo kumi na viwili, na pete ya Rupert kidoleni. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tufunge ndoa.

Rupert aligeuka akamtazama yule bwana wa fimbo. Akakohoa.

"Huyu ni Bi Donka. Ananisaidia pale nyumbani."

Balozi hakuwa na ubaya. Alikuwa mgeni Canberra, hajamaliza hata miezi miwili. Alinipa mkono vizuri tu, kisha akanionyesha njia ya kokoto inayozunguka nyumba.

"Karibu sana, mama. Wasaidizi tumewawekea vinywaji kule nyuma, penye kivuli."

Nilimsubiri Rupert aseme neno. Nilimpa nafasi ya kutosha, hata foleni ikaanza kusukumana. Yeye akawa anatazama viatu vyake.

Nikaifuata njia ya kokoto.

Ubalozi wenyewe sitautaja, maana hawakunikosea. Nilipiga deki sakafu zake miaka kumi na moja. Mtaa huu wa Yarralumla nimesafisha majengo ya balozi saba, na wapita njia wanaposimama kushangaa mapaa na nguzo, mimi najua kilichomo ndani: sakafu ipi ukiigusa kwa siki umeiua, ngazi ipi inalia, dirisha lipi halijafunguliwa tangu lijengwe. Alfajiri nilikuwa natoka kwangu Queanbeyan, mji wa ng'ambo ya mpaka wa jimbo, kwa basi, na mchana narudi Queanbeyan. Sijawahi kuona haya.

Jikoni nilimkuta Ines, mpishi, tuliyefanya naye kazi zamani. Alikuwa anapanga katlesi za samaki kwenye trei.

"Donka? Mbona umepitia huku? Wageni wanaingilia mbele."

"Nimeelekezwa huku."

"Na nani?"

"Na mchumba wangu. Amemwambia balozi mimi ni msaidizi wake wa nyumbani."

Ines akaweka trei chini.

"Huyo mzee ana wazimu?"

"Hana. Ana aibu."

"Aibu ya nini, na suruali yenyewe umempigia pasi wewe?"

Simu yangu ikatetemeka. Ujumbe wa Rupert: "Uko wapi mpenzi? Hotuba zinaanza."

Nikamjibu: "Niko jikoni, uliponiweka."

Hazikupita dakika mbili akaja, uso mwekundu kama nyanya, amefunga kifungo cha koti ambacho huwa hafungi.

"Donka, usilifanye kubwa. Yule nyuma yetu alikuwa mkuu wangu wa kazi miaka tisa. Mkewe alikuwa rafiki wa marehemu mke wangu, Margaret. Ningesemaje?"

"Ungesema, mchumba wangu. Maneno mawili."

"Wangeuliza tulijuana wapi."

"Ungewaambia. Kwenye kitalu cha miche, ulipochukua miche ya nyanya niliyokwisha kuichagua mimi."

"Wangeuliza ulikuwa unafanya kazi gani."

"Hapo sasa ndipo penyewe," nilisema. "Endelea."

Rupert alivuta kiti, akaona Ines anamtazama, akakirudisha.

"Hawa watu wana namna yao," alisema polepole. "Nilipanga niwazoeshe kidogo kidogo. Baada ya harusi."

"Na siku ya harusi ningekuwa nani, Rupert? Nibebe trei?"

Ines alicheka, akajifanya anakohoa.

Nikakumbuka jambo, na hasira iliyokuwa kifuani ikanipanda hadi masikioni. Miezi minane tumetembea kila asubuhi kwenye barabara hizi za balozi, Empire Circuit, Moonah Place, hadi ziwani na kurudi. Mara kwa mara alikuwa ananishika kiwiko tunavuka barabara haraka. Ananiambia, twende ng'ambo, kwenye mti ule kuna wale ndege weusi kwa weupe, watatudonoa vichwa.

"Wale ndege," nikamwambia. "Wanashambulia watu wakiwa na makinda, mwezi wa tisa na wa kumi. Mwezi wa pili tulivuka barabara kwa ajili ya nini?"

Akakifungua kifungo cha koti.

"Nani alikuwa anakuja mbele yetu siku ile?"

"Donka."

"Nakuuliza nani."

"Jirani," alisema. "Na mkewe."

Nilivua pete. Ilinisumbua kwenye kifundo cha kidole, vidole vyangu ni vya maji na sabuni. Ines akanipa tone la mafuta ya kupikia, ikatoka. Nikaiweka kiganjani mwa Rupert, nikajifuta mkono, nikapita mlango wa ndani kuelekea ukumbini. Njia naijua.

Balozi alikuwa bado mlangoni, anapokea wachelewaji. Bwana wa fimbo na bibi wa kofia walikuwa hatua tatu tu, glasi mikononi.

"Mheshimiwa," nilisema, "naomba radhi. Niliingia nyumbani kwako kwa cheo kisicho changu. Naitwa Donka Petrovska. Nilikuwa mchumba wa Bwana Halloran hadi dakika tano zilizopita. Sijawahi kumfanyia kazi ya mshahara. Hapa kwenu niliwahi, miaka kumi na moja, na mlinilipa vizuri."

Balozi alimtazama Rupert, ambaye alikuwa amenifuata. Kila mtu alimtazama. Hata wakati ule, wasomaji wangu, neno moja lingetosha. Nilisimama nikalingoja.

"Donka, si hapa," alisema kwa sauti ya chini.

Bibi wa kofia ya ndimu akasema, "Rupert, kwa nini hukutuambia?"

Sikungoja jibu. Balozi alinipa mkono tena, akanisindikiza mwenyewe hadi getini.

Nikiwa kwenye kituo cha basi nilimpigia binti yangu, Suzana, nikamweleza yote.

"Mama, na nyumba je? Si umeshamwambia mwenye nyumba kwamba unahama?"

"Nitamwambia nimebadili mawazo."

"Na akiwa ameshapata mpangaji?"

"Basi nitalala kwako, kwenye kochi. Kochi halinionei haya."

"Njoo," alisema. "Nakuwekea supu motoni."

Rupert alipiga simu mara tisa. Basi likiwa linavuka mpaka kuingia Queanbeyan, ujumbe ukaingia: "Nimekosa. Nipe nafasi moja tu. Niambie nifanye nini, hata kiwe kigumu namna gani."

Nilivaa miwani, nikaandika taratibu, herufi moja moja:

"Hukuulizwa kitu kigumu, Rupert. Uliulizwa huyu ni nani."