Lalamiko la Arobaini na Mbili

Kwanza ilisikika kengele, nyembamba, kama kijiko kikigusa glasi. Zikapita sekunde tatu. Kisha ubao ukagonga: ko. Kengele tena, sekunde tatu, ko. Mtu aliyepita koridoni, ghorofa ya arobaini ya Jengo la Sayansi jijini Tanga, angedhani mle ndani yumo seremala mvivu.

Hakuwamo seremala. Ulikuwamo Msuluhishi.

Kengele ilimaanisha kwamba mtu ameleta lalamiko. Ubao ulimaanisha kwamba lalamiko limehukumiwa na kufungwa. Msuluhishi ulikuwa mtambo usiozidi ukubwa wa sanduku la nguo, uliopozwa kwa maji ya bahari, na kazi yake ilikuwa kulinda adabu katika Ukumbi wa Malenga. Humo watu milioni mbili waliingia kwa miili ya nuru, kila mmoja akiwa kwake, wakaghani mashairi na kujibizana. Zamani malalamiko yalisomwa na watu wa kujitolea, ambao walichoka, walinuna, waliwapendelea marafiki zao. Msuluhishi haukuwa na rafiki. Mhandisi Ngwali Mshangama, aliyeuunda, alipenda kusema hivyo kila alipoalikwa kuzungumza, na siku hiyo saa sita mchana Meya angekuja kutia naye saini ili kumbi zote za mtandaoni za jiji ziwekwe chini ya mtambo huo.

Jambo lililomtia Ngwali fahari zaidi lilikuwa Kifungu cha Saba cha Kanuni za Mwenendo: *Utungo wenye vina na mizani ni malumbano, si udhalilishaji.* Aliuandika mstari huo akiwa na miaka ishirini na mitatu, damu ikimchemka. Mitambo iliyoletwa kabla yake ilikuwa imefuta nusu ya hazina ya malumbano ya pwani kwa sababu haikujua tofauti ya mshairi anayemchokoza mwenziwe na mhuni anayetukana. Ngwali aliapa kwamba mtambo wake ungeijua.

Saa nne na nusu mlango ulifunguka, akaingia msichana aliyevaa ovaroli yenye madoa ya grisi.

"Shikamoo, Mhandisi."

"Marahaba. Umekuja kutazama pampu?"

"Mimi hutengeneza roboti zinazopanda kuta kuosha vioo. Pampu siijui. Naitwa Riziki Mbaruku. Ukumbini naitwa Kinoo."

Ngwali akainuka. "Kinoo ni wewe? Nilidhani Kinoo ni mzee wa miaka sitini."

"Wengi walidhani hivyo. Walikuwa na heshima sana wakati ule."

Riziki akamwekea mezani kibao chake cha mkononi, kioo kikiwa kinawaka. "Soma huu."

*Nimekuona dukani, jioni ukizunguka,*
*Mlango wako wa ndani, komeo limevunjika,*
*Mama yuko safarini, nani atakuitika?*
*Malenga usiye soni, zamu yako itafika.*

"Naujua," Ngwali alisema. "Ndio Utungo wa Leo. Wa malenga anayejiita Upanga wa Pongwe. Umetungwa vizuri."

"Ndivyo na mtambo ulivyosema. Nawe uliupigia makofi leo saa moja na nusu asubuhi. Jina lako ni la nne kwenye orodha."

Ngwali alikumbuka. Alikuwa akinywa chai. "Nilidhani komeo ni fumbo."

"Komeo ni komeo, Mhandisi. La chuma, la chumba changu, Makorora. Lilivunjwa Jumamosi. Mama yuko Lushoto kwa dada yangu aliyejifungua, na hilo sikumwambia mtu ukumbini."

"Ulilalamika?"

"Mara arobaini na moja kwa miezi mitano, juu ya tungo zake. Kila mara jibu ni lile lile: *Utungo umetimia vina na mizani. Ni malumbano. Mjibu.* Nimjibu nini? Nimtungie beti za kumwomba asije?"

Ngwali alikuwa anakumbuka kifungu kingine, cha Kumi na Mbili, ambacho nacho alikiandika yeye ili kuwazuia wenye husuda: anayekataliwa malalamiko arobaini na mawili huitwa mzushi, hufukuzwa, na tungo zake zote hufutwa.

"Ninazo tungo mia tatu na kumi na mbili mle," Riziki alisema. "Sikuziweka pengine. Mlituambia ukumbini ndiko salama. Nikituma lalamiko hili likakataliwa, zinakwenda. Nisipotuma, yuko mtu anayeujua mlango wangu. Nataka ulisome wewe, mwenye macho, ulikubali kwa mkono wako."

Lilikuwa jambo dogo. Kulikuwa na swichi ya kufanyia hivyo, chini ya meza. Lakini ingebaki kwenye kumbukumbu kwamba, saa moja na nusu kabla ya saini, mtambo usiohitaji mtu ulihitaji mtu.

"Tuma," Ngwali alisema. "Huu unataja mlango, unataja mama, unatoa kitisho. Msuluhishi utaelewa. Nakuhakikishia."

"Unanihakikishia?"

"Mtambo huu nimeulea mwenyewe."

Riziki alimtazama kama fundi wa kupanda kuta anavyomtazama mwenziwe anayeapa kwamba kamba itashika. Mwisho wake kamba hushikwa na mtu, na mtu huaminiwa. Akabonyeza.

Kengele. Sekunde ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ko.

*Utungo umetimia vina na mizani. Ni malumbano. Mlalamishi ni mzushi.*

Kwenye kioo cha kibao namba mia tatu na kumi na mbili ikaanza kushuka, haraka, bila kelele. Ngwali aliirukia ile swichi akaibonyeza mara tatu. Haikusaidia. Ufutaji haukuwa na njia ya kurudi nyuma. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuunda hivyo, ili mtu asije akaiba kazi ya aliyefukuzwa. Namba ikafika sifuri, ikatulia.

Riziki hakulia. Alianza kughani kwa sauti ya chini, mstari mmoja, wa pili, akakwama katikati ya wa tatu. Akaurudia mwanzo. Akakwama palepale.

"Ni upi huo?" Ngwali aliuliza.

"Niliomlilia baba alipokufa. Beti thelathini." Akajifuta mikono kwenye ovaroli ingawa ilikuwa mikavu. "Wewe ungekuwa mashine ningekusamehe. Mashine haijui komeo ni nini."

Kipaza sauti cha ukutani kikasema kwamba Meya amewahi kufika, na wazee watatu wanaousimamia ukumbi wamekwisha kuketi jukwaani, ghorofa ya chini.

Ngwali akaingiza ufunguo kwenye Kasha la Majina, mahali yalipofichwa majina halisi ya malenga wote. Alikuwa ameapa kutolifungua; anayelifungua hupoteza kazi siku hiyohiyo. Akaandika *Upanga wa Pongwe*. Jina lililotokea alilifahamu. Lilikuwa la mmoja wa wale wazee watatu walioketi jukwaani, na kiti chake kilikuwa kando ya kile cha Ngwali. Akamgeuzia Riziki kioo ili naye alisome.

Riziki alilisoma, akaketi polepole kwenye kiti kilichokuwa nyuma yake.

"Riziki, dada yangu," Ngwali akaanza, na sauti yake ikaingia kwenye mahadhi bila yeye kutaka.

"Usiniahidi kwa shairi," Riziki akamkata. "Sema kama watu."

Ngwali akaanza upya, safari hii kama watu.

"Nashuka sasa hivi, na wewe ukiwa pamoja nami. Nitalitaja jina hili mbele yao wote. Nitasema vifungu vile niliviandika mimi, na sitatia saini. Kisha tutakwenda polisi, nami nitakuwa shahidi wako, hata kama nitaingia pale sina kazi. Nakuahidi."